SOMO LA MKULIMA: Je, Mabadiliko ya Tabianchi ni Porojo?

Kila Machi, swali huwa moja katika mashamba ya Kitale, Kimilili na Webuye: mvua hii ni ya kupandia, au ni ya kudanganya? Anayepanda mapema huogopa kiangazi kitakachochoma miche. Anayengoja huogopa kuchelewa, kwa maana mahindi ya nyanda za juu kama H614 hukaa shambani miezi sita au zaidi.

Hata hivyo, mabarazani bado wapo wanaosema kwamba mabadiliko ya tabianchi ni hadithi tu. Hoja zao zinastahili majibu.

"Ukame na mafuriko vilikuwepo tangu zamani."

Ni kweli. Wazee wanakumbuka mafuriko ya 1961 na ukame wa 1984. Lakini hali ya hewa ni jambo la siku au msimu, ilhali tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30 hivi. Wastani huo ndio unaosogea. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, takriban 280 zilikuwa za gesi ya kabonidioksidi. Leo zimepita 420. Gesi hii huzuia joto lisitoke, kama blanketi. Mwaka wa 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka wowote tangu vipimo vianze.

Kila joto likipanda kwa nyuzi moja, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Ndiyo maana udongo hukauka upesi jua likiwaka, na mvua ikija humwagika kwa wingi kwa muda mfupi. Mnamo Novemba 2019, mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya ardhi katika kaunti jirani ya Pokot Magharibi, na watu zaidi ya 40 wakafariki. Tukio moja halithibitishi kila kitu, lakini mvua za namna hiyo ndizo zinazotarajiwa kuongezeka.

"Mvua ni ya Mungu."

Hakuna anayepinga. Lakini miteremko ya Mlima Elgon ikikatwa miti, maji hayanywi ardhini. Huteremka na udongo hadi mto Nzoia na kufurika Budalang'i. Mvua hatuipangi. Ardhi inayoipokea tunaitunza sisi.

"Waliochafua hewa ni mataifa tajiri."

Hili pia ni kweli. Mchango wa Kenya katika gesi hizo ni chini ya asilimia 1. Lakini mahindi yanayokauka ni yetu, na kazi ya kuyakinga humfaidi kwanza anayeifanya. Bungoma ni shahidi. Kupitia mradi wa shirika la Vi Agroforestry, uliohusisha pia Kisumu na Siaya, wakulima walifunzwa kuacha mabaki ya mazao shambani, kutumia mboji na kupanda miti kati ya mimea. Januari 2014 mradi huo ulipewa hati za kaboni kwa zaidi ya tani 24,000. Fedha za hati hizo hazikuwa nyingi kwa kila mkulima. Faida kubwa ilikuwa udongo uliorudisha rutuba na kushika maji.

Hatua za kuchukua msimu huu

1. Usichome mabua. Yaache yafunike udongo.
2. Lima kwa kukingama na mteremko, na chimba makinga maji.
3. Panda miti kama grevillea mipakani. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi. Hunywa maji mengi.
4. Usitegemee mahindi pekee. Changanya na maharagwe, mihogo au wimbi.
5. Kausha mahindi hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kuzuia sumukuvu mvua inapoingilia mavuno.
6. Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kununua mbegu, na umuulize afisa wa kilimo wa wadi yako.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka kaunti kuingiza suala hili katika mipango yao ya maendeleo. Mwananchi ana haki ya kutoa maoni mipango hiyo inapojadiliwa. Nenda barazani, useme chemchemi ipi imekauka na daraja lipi limebebwa.

Mti unaopandwa leo huchukua miaka kabla ya kukinga shamba. Anayengoja mpaka aamini kabisa atakuwa amepoteza miaka hiyo.