Mtoto Akipotea Sokoni: Mambo ya Kufanya Dakika za Kwanza

Sultan Hamud ni mji wa wasafiri. Ulizaliwa na reli mwishoni mwa karne ya 19, ukapewa jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, na hadi leo unakaa kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, mpakani mwa Makueni na Kajiado. Siku ya soko, wachuuzi, mifugo, bodaboda, matatu na malori hugawana nafasi ile ile. Mama akiinama kuchagua nyanya, mkono wa mtoto huponyoka kwa sekunde chache tu.

Mtoto wa miaka mitatu haoni soko kama mtu mzima. Mbele yake kuna miguu, magunia na leso. Akifuata leso inayofanana na ya mamake, anaweza kufika ukingoni mwa barabara kabla hajatambua kwamba amepotea. Akiulizwa mamake anaitwa nani, atajibu "Mwaitu". Jibu hilo ni la kweli, lakini kila mama Mkamba sokoni huitwa hivyo na wanawe.

Mzazi afanye nini?

1. Aseme kwa sauti. Aibu humchelewesha mzazi. Aite jina la mtoto na aeleze nguo zake: "Mtoto wa kike, miaka mitatu, sweta nyekundu!" Watu kumi wakisikia, macho ishirini yanatafuta.

2. Atume watu penye hatari kwanza: barabarani, kwenye steji, penye mitaro, na kwenye matangi ya maji. Mtoto aliyejificha chini ya meza anaweza kungoja. Aliye kando ya lori hawezi.

3. Mtu mmoja abaki pale mtoto alipoonekana mara ya mwisho. Watoto wengine hurudi wenyewe.

4. Aarifu kamati ya soko, askari wa kaunti na wahudumu wa bodaboda, kwani hao huona kila anayetoka mjini.

5. Asipopatikana upesi, aende kituo cha polisi mara moja. Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mzazi angoje saa 24. Taarifa iandikwe katika kitabu cha matukio, na mzazi aondoke na namba ya OB.

Aliyemwona mtoto afanye nini?

Achutame, aongee polepole, kwa Kikamba, Kimaasai au Kiswahili, lugha yoyote mtoto anayoielewa. Amwite mtu mzima wa pili awe shahidi, kisha wasubiri kidogo pale pale huku wengine wakitangaza. Mwenyewe asipotokea, mtoto apelekwe kwa polisi, kwa chifu au kwa afisa wa watoto.

Kumpeleka nyumbani "alale leo, kesho tutatafuta wenyewe" ni kosa, hata kama nia ni njema. Usiku huo wazazi wanatafuta mahali pengine, na msamaria huyo anaweza kushukiwa kuwa mwizi wa mtoto.

Vilevile, mtoto asikabidhiwe mtu wa kwanza kusema "ni wangu". Aulizwe jina kamili la mtoto, nguo alizovaa, na picha iliyo kwenye simu. Mtoto naye atazamwe: je, anamkimbilia au anarudi nyuma? Mzazi wa kweli hatakasirishwa na maswali hayo akishatulia.

Picha ikisambazwa kwenye WhatsApp, iwe na namba ya OB, na ifutwe mtoto akipatikana. Si vyema sura ya mtoto ibaki ikizunguka mitandaoni.

Maandalizi ya nyumbani

Kabla ya kwenda sokoni, mzazi ampige mtoto picha na nguo za siku hiyo. Namba ya simu iandikwe ndani ya pindo la nguo, si nje, ili mgeni asiisome akajifanya anamfahamu. Mtoto wa miaka minne au mitano afundishwe majina rasmi ya wazazi, kijiji chao, na namba moja ya simu kwa kuiimba. Afundishwe pia: "Nikipotea, nasimama. Naita kwa sauti. Naomba msaada kwa mama mwenye watoto, mwenye duka au askari."

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema maslahi ya mtoto ni ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sokoni, maana yake ni kwamba biashara inaweza kusimama kidogo hadi mtoto apatikane.

Zoezi la wiki hii: muulize mtoto wako usiku wa leo, "Mama anaitwa nani?" Akijibu "Mwaitu" au "Mama" tu, anza somo hapo.

Msaada: Namba ya watoto 116, bila malipo, mchana na usiku. Polisi: 999 au 112.