Mafunzo Niliyopata kwa Majani Yaliyokataa Kufa

Nalima mahindi Gwarama, wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Msimu uliopita nilipiga dawa ya magugu. Wiki mbili baadaye shamba lilikuwa kijani vilevile.

1. Usikimbilie kumlaumu muuza dawa. Mimi nilimgombeza mbele ya wateja wake. Kumbe maji nilichota bondeni, yana tope. Dawa yenyewe, glaifoseti, hung'ang'ania udongo. Ukiichanganya na maji ya tope, nyingi hukamatwa humo humo kwenye bomba. Nimeshaomba radhi. Bado ananiuzia kwa kununa.

2. Pima kwanza, ndipo useme "sugu". Nilichukua mbegu za majani yaliyobaki, na nyingine kando ya njia ambako hakuna aliyewahi kupiga dawa. Nikazipanda kwenye makopo, nikapiga kipimo cha kwenye lebo kwa maji safi. Yote yakakauka. Nikafurahi, mpaka bwana shamba aliponieleza usugu wa kweli unavyokuja.

3. Dawa haiumbi usugu, huuchagua. Gugu lenyewe ni lile linalofanana na ulezi, kitaalamu Eleusine indica. Na kweli ni ndugu wa damu wa ulezi. Nilidhani mmea huizoea dawa kama mlevi anavyozoea pombe. Sivyo. Glaifoseti huziba kimeng'enya ambacho mmea hukitumia kujitengenezea amino asidi, nao hufa kwa kuzikosa. Ila katika mbegu nyingi mno, moja yaweza kuzaliwa na kosa dogo la jeni: kwenye nafasi ya 106 ya kimeng'enya hicho, palipokuwa na prolini panakaa serini. Dawa haishiki tena sawasawa. Mmea huo ungemezwa na wenzake. Ninayewaondoa wenzake ni mimi na bomba langu.

Malaysia waliliona gugu hili likiwa sugu mwaka 1997. Baadaye yakapatikana huko huko yenye badiliko la pili, nafasi ya 102. Hayo dawa hayaisikii kabisa, lakini hudumaa na kuzaa mbegu chache. Afadhali.

4. Kubana dawa ni hasara. Kipimo hafifu huiacha hai mimea yenye ustahimilivu nusunusu. Kwa majani yanayochavushana kwa upepo, jeni ndogondogo za kuvunja sumu hukutana kwenye watoto.

5. Chupa mpya si dawa mpya. Soma kiambato, si jina. Kwenye kahawa ya Kenya, dawa ya parakwati ilirudiwa mpaka gugu la kishona nguo likaanza kuihimili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hilo lilikuwa limeshaandikwa.

Msimu huu yanayobaki nayang'oa kwa mkono kabla hayajatoa mbegu. Mama ananicheka: ndivyo alivyofanya maisha yake yote kwenye ulezi. Ila naye amekiri kwamba vikiwa vichanga, mara nyingine aling'oa ulezi akaacha gugu.