Vifuko vya Hewa Ndani ya Mapafu

Ndugu wanakikundi, tukizungumza juu ya moshi wa jikoni akina mama hutuuliza: "Moshi huu ukishaingia kifuani, huenda wapi?" Tuangalie kwanza pafu limejengwaje.

Wengi hufikiri pafu ni mfuko mmoja mtupu, kama mpira. Sivyo. Mkichinja mbuzi, kateni kipande cha pafu mkitie majini. Kitaelea, maana kimejaa hewa. Njia ya hewa hugawanyika kama matawi ya mti, na kwenye ncha za vijitawi kuna vifuko vidogo mno, vimeshikana kama kichala cha zabibu. Upana wa kimoja ni kama sehemu moja ya tano ya milimita. Mtu mzima anavyo mamia ya milioni! Kuta zake zikitandazwa zingefunika sakafu ya meta 7 kwa 10 hivi, na nyumba za wengi wetu hazifiki hapo.

Kwa darubini ukuta wenyewe huonekana mwembamba ajabu, chini ya sehemu moja ya mia ya unene wa karatasi. Nyuma yake damu hupita katika vimishipa vyembamba, chembe moja moja, ikichukua oksijeni na kuacha hewa chafu. Chembe nyingine hutoa kitu cha kuteleza ili kuta zisigandamane. Mtoto njiti huwa hana cha kutosha, ndiyo sababu hupumua kwa shida. Tena kuna chembe za kufagia, ambazo humeza vumbi na vijidudu.

Sasa moshi. Vumbi kubwa hunaswa puani na kwenye makohozi, likatemwa. Lakini moshi laini hufika mpaka vifukoni, na huko ni wale wafagiaji tu. Moshi ukiwa wa kila siku, miaka na miaka, kazi huwashinda. Kuta huvunjika, vifuko vidogo vikawa kimoja kikubwa. Je, hiyo si nafasi zaidi? Hapana. Ukibomoa kuta za ndani za nyumba, ukuta wa kukandika umepungua. Mama huyo hutweta akipanda mlima, ingawa kifua kimejaa hewa, na hakuna dawa ya kuzirudisha kuta hizo.

Mtoto naye huzaliwa na sehemu tu ya vifuko vyake. Vingi huota baadaye, hasa miaka miwili ya kwanza, wakati ule ule anapobebwa mgongoni karibu na mafiga.

Mkutano ujao, kila mmoja aeleze: mtoto wake hukaa wapi ugali ukipikwa, na moshi hutokea wapi?