Fiqhi ya Matumizi: Kubadilisha Simu na Gharama ya Mega



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Katika darsa zetu za muamalati hapa Gitega, kuna swali linalorudi kila muhula. Mwanafunzi ana simu ya miaka mitatu au minne, bado inapiga na kupokea. Amepata pesa kidogo, anataka kununua mpya. Je, ni israfu? Wanaouliza hutaka jibu la neno moja, na kila mara darsa hugawanyika: wengine wanasema simu ni lazima kwa msomi wa leo, wengine wanasema ni kufuata dunia.

Somo hili linajaribu kulipanga swali hilo kifiqhi, na kuongeza jambo ambalo aghalabu tunalisahau. Simu hununuliwa mara moja, lakini mega hununuliwa kila siku. Anayetaka kuikwepa israfu aanze hesabu yake hapo.

1. Msingi: mali ni amana

Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mja ataulizwa kuhusu mali yake maswali mawili: aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Mwanafunzi anayetumiwa pesa na wazazi huenda asiwe na mengi ya kujibu katika swali la kwanza. La pili linamhusu moja kwa moja.

Qur'an imetuwekea mizani. Katika Suratul Furqan aya ya 67, Allah anawasifu waja wake ambao wakitoa hawapindukii mipaka wala hawafanyi ubahili, bali wanakuwa katikati. Katika Suratul Israa aya ya 26 na 27 anakataza ubadhirifu kwa maneno makali, akiwafananisha wabadhirifu na ndugu wa mashetani.

Wanavyuoni wengi hutofautisha maneno mawili. Tabdhiri ni kutoa mali mahali isipostahiki kabisa. Israfu ni kuitoa mahali panapofaa lakini kwa kupita kiasi. Kununua simu kwa asili ni jambo la mubaha, kwa hiyo mjadala wetu uko katika israfu, na israfu hupimwa kwa kiasi na kwa hali ya mtu. Simu ileile inaweza kuwa wastani kwa mfanyabiashara na israfu kwa mwanafunzi.

2. Daraja tatu za mahitaji

Imam Shatibi, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 790 Hijria (1388), amezipanga maslahi za watu katika daraja tatu: dharura, haja na tahsini. Dharura ni yale ambayo yakikosekana dini au maisha huharibika. Haja ni yale ambayo yakikosekana watu huingia katika uzito na dhiki. Tahsini ni mapambo na ukamilifu.

Tuipime simu kwa daraja hizi. Kwa wengi wetu, kuwa na simu inayofanya kazi ni haja: walimu hutuma masomo kwa WhatsApp, na pesa za nyumbani hupita Lumicash au Ecocash. Kuibadilisha simu hiyo ni suala jingine, na inabidi kuuliza kasoro ni ipi hasa.

Kama toleo la Android limezeeka mpaka WhatsApp inakataa kufunguka, au maikrofoni imekufa na wewe unafundisha Qur'an kwa simu, hiyo ni haja. Kama tatizo ni betri isiyomaliza nusu siku, nalo ni haja kweli, maana umeme wetu hukatika, lakini dawa yake ni betri mpya kwa fundi. Kioo kilichopasuka hali kadhalika. Ama kutaka kamera kali zaidi, au kuona haya kuitoa simu mbele ya wenzako, hiyo ni tahsini.

Tahsini si haramu. Hukumu yake ni kwamba inakuja mwisho, baada ya haki za wengine. Mwenye deni lililofika muda alilipe kwanza. Anayetegemewa atazame nyumbani kwanza.

Nitoe mfano wangu kwa kuwa ndio ninaoujua vizuri. Muhula huu nilikuwa na akiba ya faranga 350,000 na simu ya miaka minne yenye betri iliyochoka. Nyumbani Muyinga, mdogo wangu alikuwa bado hajalipiwa ada ya shule. Kifiqhi jukumu hilo ni la baba kabla yangu, lakini mwezi ule baba hakuwa nazo, na kuunga udugu si maneno matupu. Nilibadilisha betri, nikatuma ada, kilichobaki nikakiweka. Sisemi kwamba sikukosa kitu. Simu yangu haina nafasi ya kutosha, na kila wiki nafuta mihadhara ili nyingine iingie. Hiyo ndiyo bei ya uamuzi, na niliijua kabla ya kuamua.

3. Hesabu ya simu pamoja na mega

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme simu ni faranga 400,000 na mwenyewe anakusudia kukaa nayo miaka mitatu. Tuseme anatumia faranga 1,000 za mega kwa siku. Kwa mwaka ni 365,000, kwa miaka mitatu ni 1,095,000. Jumla ya gharama ni 1,495,000, na karibu robo tatu yake ni mega.

Sasa angalia kinachotokea simu ikibadilishwa. Simu mpya huonyesha video kwa ubora mkubwa zaidi, husasisha programu zenyewe, na picha zake ni nzito kutuma. Mtu aliyekuwa akitumia 1,000 kwa siku akajikuta anatumia 1,500, nyongeza hiyo ni 182,500 kwa mwaka na 547,500 kwa miaka mitatu. Nyongeza peke yake imeizidi bei ya simu. Ndugu yetu alipatana kwa nusu saa pale dukani ili apunguziwe 10,000, kisha akaziachia hizi laki tano zimtoke polepole bila kuulizana nazo.

Kwa upande wa bei ya simu yenyewe, tukumbuke kuwa bidhaa hizi zinatoka nje, ziwe zimepitia Dubai au mpaka wa Kobero, na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Mwezi Mei 2023 faranga yetu ilishushwa thamani rasmi, kutoka takriban 2,080 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja. Kila faranga inaposhuka hivyo, simu mpya inapanda. Kuitunza simu uliyonayo kwa kava na kioo cha kinga ni sehemu ya kuhifadhi mali, na kuhifadhi mali ni moja ya makusudio makuu matano ya sharia.

4. Bando gani ni nafuu?

Wengi hulinganisha mabando kwa kugawanya bei kwa idadi ya mega. Hesabu hiyo ina upungufu. Gawanya bei kwa mega ulizozitumia kabla ya muda kwisha.

Mfano: bando la mwezi la faranga 10,000 lina mega 5,000, yaani faranga 2 kwa mega. Bando la siku la faranga 300 lina mega 100, yaani faranga 3 kwa mega. Kwa karatasi, la mwezi ni nafuu. Lakini ukitumia mega 2,000 tu kabla mwezi haujaisha, umelipa faranga 5 kwa kila mega. Anayetumia kidogo, bando la siku analolimaliza ni nafuu kwake. Anayetumia nyingi kila siku, la mwezi ndilo lake.

Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua mipangilio ya simu uangalie umetumia mega ngapi kwa siku 30 zilizopita, na programu gani imekula nyingi. Kisha zima upakuaji wa picha na video wa WhatsApp unaojiendesha wenyewe, na uruhusu programu zisasishwe kwenye Wi-Fi tu. Msomaji wa Qur'an unayemsikiliza kila alfajiri mpakue mara moja. Kumsikiliza mtandaoni kila siku ni kuilipia sauti ileile mara 30 kwa mwezi.

5. Masuala manne ya fiqhi

*Bando linaloisha muda.* Je, ni dhulma? Mkataba huu unafanana na ijara, yaani kukodi manfaa. Ukikodi chumba mwezi mmoja na ukalala humo siku kumi, hudai kodi ya siku ishirini. Sharti ni kwamba bei, kiasi na muda vijulikane kabla. Hata hivyo, hakuna kinachozuia wateja kudai masharti bora zaidi: nchini Kenya, Safaricom ilianza kuuza mabando yasiyo na mwisho wa muda mwezi Oktoba 2019.

*Kukopa salio.* Huduma hii ni maarufu Afrika Mashariki. Okoa Jahazi ya Kenya, kwa mfano, hutoza asilimia 10. Walioitazama kama mkopo wa pesa wamesema ziada hiyo ni riba. Walioitazama kama kuuza huduma ya mawasiliano kwa bei ya baadaye wameiruhusu. Mimi si mufti, na kwa mwanafunzi anayetafuta usalama inatosha hadithi ya Nu'man bin Bashir katika Bukhari na Muslim, inayofundisha kwamba mwenye kujiepusha na mambo yenye shaka ameisalimisha dini yake. Weka akiba ndogo ya salio, na hutahitaji kukopa.

*Kulipa kidogo kidogo.* Mwezi Julai 2020 Safaricom ya Kenya ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alilipia simu shilingi 20 kwa siku. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah, katika kikao chake cha sita mwaka 1990, liliruhusu bei ya awamu kuwa juu kuliko ya taslimu, maadamu bei moja imekubaliwa wakati wa kufunga mkataba. Ilichokataza ni kumwongezea deni mnunuzi aliyechelewa. Uliza kuhusu faini ya kuchelewa kabla ya kutia saini.

*Kubadilisha simu kwa simu na kuongeza pesa.* Inajuzu, kwa sababu simu si katika vitu sita vya riba vilivyotajwa katika hadithi: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Lakini ni wajibu kutaja aibu ya simu unayoitoa. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini pamelowa, akamkemea muuzaji na kueleza kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja nasi. Simu inayojizima ikipata joto ni chakula kilicholowa chini. Na simu ya bei ya kutupa isiyo na boksi wala risiti, ambayo muuzaji hataki uulize ilikotoka, usiiguse, isije ikawa mali ya mwizi.

6. Hitimisho

Kabla ya kubadilisha simu, jiulize maswali haya kwa mpangilio: kasoro ni ipi, na fundi anaweza kuitengeneza? Kuna haki ya mtu iliyo mbele ya pesa hizi? Simu mpya itaniongezea mega kiasi gani kwa mwezi, na nitazipata wapi? Ukiyajibu matatu haya na bado ukaona ununue, nunua bila dhiki moyoni, sema alhamdulillah, na uitumie katika kheri. Mwislamu hakukatazwa kizuri.

Na ukiona usinunue, usimdharau mwenzako aliyenunua. Hujui haja yake.

Maswali ya kujadiliana katika darsa

1. Eleza tofauti ya israfu na tabdhiri kwa mifano miwili ya matumizi ya simu.
2. Piga hesabu ya mega ulizotumia siku 30 zilizopita. Ni sehemu gani ilikuwa haja, na gani tahsini?
3. Kukopa salio: ni mkopo au ni mauzo ya huduma? Toa hoja za pande zote mbili.

Allah atujaalie riziki ya halali, atukinaishe nayo, na atuafikishe kuitumia katika yale anayoyaridhia. Wallahu a'lam.