Mugumo na Siri ya Mukami: Hofu katika Hadithi Fupi

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba katika hadithi fupi ya kutisha, kinachotisha hasa si mzimu, bali ni lile neno ambalo jamii imelikataza kusemwa. Mfano wetu ni "Mugumo", hadithi ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o iliyomo katika mkusanyiko wa Secret Lives (1975). Ingawa iliandikwa kwa Kiingereza, mti wake ni wa nyumbani: chini ya mugumo, Wakikuyu walimtolea Ngai sadaka, nyuso zao zikiuelekea Mlima Kenya.

Mukami hajazaa. Mumewe anampiga na wake wenza wanamsimanga. Usiku anatoroka, na giza linamfikisha chini ya mugumo, mahali patakatifu na pa kuogofya. Anapozinduka usingizini anatambua kwamba ni mjamzito, tena tangu kitambo. Hivyo basi, mti haukumpa mimba. Ulimpa utulivu wa kuusikia mwili wake, utulivu ambao boma lilimnyima. Hata hivyo, anaazimia kurudi kwa mume yuleyule. Je, ameokoka au amenaswa upya?

Mwanafunzi wa Majengo, Nyeri, mtaa ambamo Kiswahili na Kikuyu huishi bega kwa bega, amerithi majini ya masimulizi ya Pwani pamoja na mugumo wa mlimani. Kabla hajamwingiza jini hadithini mwake, ajiulize kwanza: ni nani katika nyumba hii asiyeruhusiwa kusema, naye anaficha nini?