Unavyoweza kugawa programu huria ya hisabati mwalimu na mtengenezaji wote wakafaidika

Mwalimu wa hisabati hapa Kifaru hana haja na toleo jipya kila mwezi. Anataka programu iliyofunguka leo ifunguke vilevile wiki ya mtihani, kwenye kompyuta ya zamani, hata bando likiisha. Mtengenezaji anataka toleo jipya litumike mapema ili hitilafu zijulikane. Mimi ninayezungusha flashi shuleni, kuanzia Kifaru hadi Same, namtanguliza mwalimu.

Ninachogawa zaidi ni Maxima, programu ya hisabati, ikiwa ndani ya wxMaxima, dirisha linalorahisisha kuitumia. Chimbuko lake ni Macsyma, iliyoanza kutengenezwa katika chuo cha MIT mwaka 1968. William Schelter aliitunza kwa miaka mingi, na mwaka 1998 Idara ya Nishati ya Marekani ikamruhusu kuitoa kwa leseni ya GPL.

Gawa faili moja iliyokamilika. Kisakinishi kinachovuta vipande vingine mtandaoni kinamtwisha mwalimu gharama isiyo yake. Chagua toleo kabla shule hazijafunguliwa, lijaribu kwenye kompyuta iliyo dhaifu kuliko zote, na usiliguse mpaka likizo.

Kisha kaa na mwalimu mmoja, umtazame bila kumsaidia. Anaandika diff(x^3, x), anabonyeza Enter, kishale kinashuka mstari wa pili, jibu hakuna. Anabonyeza tena. Kumbe kwenye wxMaxima hesabu hufanyika kwa Shift na Enter kwa pamoja! Anayeandika amri ndefu hufurahia utaratibu huo. Anayeanza hukata tamaa papo hapo. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuugeuza, nami huugeuza kabla sijaondoka. Ikishatokea 3*x^2, mwalimu anaacha kuuliza habari za kompyuta, anaanza kuuliza hisabati. Hapo ndipo kazi yangu inaponipa raha.

Mtengenezaji naye ana haki zake. Weka msimbo wa programu kwenye flashi hiyohiyo, katika folda ya peke yake. GPL inataka anayepewa programu aweze kuupata, na kijana wa kidato cha tano mwenye hamu ya kuona lugha ya Lisp iliyomo asikwamishwe na mtandao.

Hitilafu ziandike wewe, maana mwalimu ana vipindi na madaftari ya kusahihisha. Andika amri aliyoiingiza, jibu lililotoka, jibu alilotarajia, pamoja na maelezo yanayotolewa na build_info(). Ukirekebisha kitu ndani ya programu, peleka marekebisho hayo kwa watengenezaji, ama sivyo utayarudia kila toleo jipya likitoka.