Faini Ikikushinda, Ufungwe Siku Ngapi?

Hakimu nchini Kenya akitoza faini, kwa kawaida hutaja pia kifungo utakachotumikia usipolipa. Jamaa waliokaa nyuma ya korti hushika kile kiasi cha pesa tu, wakatoka mbio kupiga simu na kuchangishana. Shikeni na ile miezi pia, maana ina ukomo wake kisheria.

Ukomo huo umo katika kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu. Faini isiyozidi shilingi 500 haikufungi zaidi ya siku 14. Ikipita hapo hadi 2,500, ni mwezi mmoja. Hadi 15,000, miezi mitatu. Hadi 50,000, miezi sita. Ikivuka 50,000, mwisho ni miezi 12. Hiyo ndiyo mipaka ya juu, na hakimu ana ruhusa ya kutoa siku pungufu ya hizo. Viwango hivi pia hutumika kwa fidia au gharama za kesi ulizoamriwa kulipa. Ila kama sheria uliyoshtakiwa nayo imeweka kiwango chake yenyewe, kitafuatwa hicho. Kwa hiyo muulize karani wa mahakama ulishtakiwa kwa sheria gani na kifungu gani.

Tuseme umetozwa 10,000 au, usipolipa, miezi sita jela. Hapo mpaka umevukwa, kwani haki yako ni miezi mitatu isizidi. Una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ukiwa tayari gerezani, mkabidhi mkuu wa gereza karatasi zako za rufaa azifikishe. Njia nyingine ni kuiomba Mahakama Kuu ifanye mapitio, yaani iitishe faili na kukagua kama adhabu ilikuwa halali. Huna pesa za wakili? Jaribu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, inayowasaidia wasio na uwezo bila malipo.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui, na linaniuma kwa sababu watu hukaa ndani bure, ni kwamba faini inaweza kulipwa kidogo hata baada ya mtu kufungwa. Siku hupunguzwa kulingana na kilicholipwa. Mwenye faini ya 30,000 na kifungo cha miezi sita, nduguze wakipata 10,000, anapunguziwa theluthi moja: inabaki miezi minne. Mfungwa amwambie mkuu wa gereza kwamba anataka kulipa sehemu, apelekwe mahakamani hesabu ifanywe. Msisubiri hadi zitimie zote, kwani kila siku inayopita ni siku ambayo pesa zenu zingeweza kuifuta.

Kama hata hizo hazipo, mwombeni hakimu muda wa kulipa kabla mshtakiwa hajapelekwa gerezani, au kazi ya kuhudumia jamii. Sheria ya mwaka 1998 inairuhusu kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Afisa wa probesheni, yule anayewachunguza na kuwasimamia wahalifu wakiwa nje ya jela, huandika ripoti kwanza. Mtu hulala kwake na kufanya kazi ya umma bila malipo.

Angalieni pia kama hukumu ilisema faini "au" kifungo, ama faini "na" kifungo. Ikiwa ni "na", kulipa faini hakuondoi kile kifungo cha kwanza.

Faini ikishalipwa yote, kifungo cha kutolipa kinaisha papo hapo. Lipeni kwa utaratibu wa mahakama wenyewe, msimpe mtu pesa mkononi, na risiti ipelekwe gerezani siku hiyo hiyo.